Karatasi ya Matokeo Haina Majina ya Walioondoka

Hotuba ya mgeni rasmi, Afisa Elimu Kata mstaafu, kwenye mkutano mkuu wa wazazi wa shule ya msingi moja ya kijijini, Wilaya ya Kaliua, mkoani Tabora

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mtendaji wetu, Mwalimu Mkuu na walimu wako, mashehe na wachungaji, wazazi na walezi wenzangu. Mwangaluka! Mwaramutse! Habari za asubuhi! Ninyi wa kule nyuma chini ya mwembe, sogeeni. Sauti yangu ya darasani imebaki nusu tangu nistaafu.

Barua ya Kamati inasema nije nizungumzie kushuka kwa ufaulu. Juu ya barua nikapigiwa na simu: Mama, njoo utusemee na hawa walimu, shule imeanguka. Basi nimekuja. Lakini kabla sijamsema mtu, nilikaa kwanza ofisini kwa Mwalimu Mkuu, nikaomba rejesta za miaka ya nyuma, tukazifungua. Mtakayoyasikia yametoka humo, na kwa miaka niliyozunguka shule za kata hii.

Matokeo ya darasa la saba wengi mmeyaona kwenye simu ya kijana fulani. Si siri, Baraza la Mitihani huweka ukurasa wa kila shule: jina la shule juu, wastani wake, jedwali dogo la wavulana na wasichana kwa madaraja A hadi E, halafu watahiniwa mmoja mmoja na masomo yao sita. Kila somo lina alama 50, jumla 300. Anayefikisha 121 ana C, amefaulu. Mwenye 120 ana D, huyo hakufaulu. Kati ya furaha na kilio cha nyumba mbili jirani kuna alama moja, na mwaka unaofuata hakuna anayekumbuka hilo. Kinachokumbukwa ni asilimia.

Hiyo asilimia ndiyo iliyoniitisha hapa, kwa hiyo tuishike kidogo. Chukueni shule ya kufikirika yenye watahiniwa 14. Mwaka huu wanafaulu 9: asilimia 64, shule inapongezwa. Mwaka unaofuata wanafaulu 7: asilimia 50, na minong'ono inaanza kwamba mwalimu mkuu hafai, ahamishwe. Ni nani hasa aliyeanguka? Watoto wawili. Huenda mmoja aliamka na homa siku ya mtihani na mwingine amepata 118. Shule ya mjini yenye watahiniwa 140 ikipoteza watoto wawili hivyo hivyo, inashuka kwa pungufu ya pointi moja na nusu, wala hakuna anayegutuka. Baraza lenyewe lilikuwa linalijua hilo. Kwa miaka kadhaa lilizitenga shule zenye watahiniwa chini ya 40 na zile za 40 na zaidi, kila kundi na nafasi zake. Halafu Januari 2023 likasema linaacha kabisa kutangaza shule bora. Tuliobaki tunapanga nafasi ni sisi, vijiweni.

Shule ndogo haipimwi kwa mwaka mmoja. Jumlisha watahiniwa wa miaka mitano, jumlisha waliofaulu, ndipo ugawanye. Mwalimu wa taaluma ameifanya hesabu hiyo na karatasi iko ofisini, nendeni mkaione. Ukiitazama, shule hii haijaanguka. Inatikisika palepale. Sisemi hivyo ili mshangilie, maana palepale penyewe si pazuri.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa liko ukutani.

Mwalimu Mkuu ana manila ya ikama, yaani karatasi ngumu ya idadi ya wanafunzi wa kila darasa, imeandikwa kwa kalamu nene ya bluu: Darasa, Wav., Was., Jml. Awali juu, darasa la saba chini. Ukiteremka na kidole, tarakimu zinazidi kupungua. Awali na la kwanza hawatoshi chumbani, wengine wako sakafuni. La saba madawati yanabaki. Mtu mwepesi atasema, hao waliopungua wote wameacha shule. Ngojeni kwanza. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto walimiminika, na tangu hapo mkoa wenyewe umejaa. Sensa ya 2012 ilikuta Tabora watu 2,291,623. Ya 2022 ikakuta 3,391,679. Nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37 hivi katika miaka hiyo kumi, sisi kwa 48. Tumezaliana, sawa, na tumepokea wageni: waliokuja na ng'ombe na waliokuja kutafuta shamba la tumbaku. Kwa hiyo la kwanza ya leo imetoka kwenye kijiji kikubwa kuliko kile kilichotoa la saba ya leo. Ukiyalinganisha hayo madarasa mawili utapotea.

Njia ya haki ni kuwafuata watoto walewale. Tulichukua rejesta ya darasa la kwanza la 2019, hao ndio waliopaswa kufanya mtihani Septemba 2025, tukateremka jina kwa jina. Kila jina tukaliwekea alama: amefika la saba, amehama kwa barua, amehama bila barua, amekariri, amefariki, mtoro. Na majina ambayo mwalimu alitazama, akatikisa kichwa, tukaandika "haijulikani". Niwaambie ukweli, hizo "haijulikani" zilinikosesha raha kuliko D na E zote. Mtoto aliyekaa hapa miaka mitatu, akapewa namba, akashika daftari, leo hakuna mtu mzima shuleni anayeweza kusema yuko wapi.

Mtoto huyo hayumo kwenye ule ukurasa mliouona kwenye simu. Hakufeli, maana hakufanya. Na hapa wazazi naomba mnisikilize vizuri: shule inaweza kupata asilimia nzuri kabisa kwa sababu wale ambao wangefeli waliishia darasa la nne. Na shule ikihangaika kuwarudisha watoro wake, ikawafikisha hadi chumba cha mtihani, mwaka huohuo asilimia yake inaweza kushuka, na ninyi mtamzomea mwalimu kwa kazi njema aliyoifanya. Walimu wanalijua hili. Nimekutana na wachache, si hapa, ambao mtoto mzito akitoroka darasa la sita wanashukuru kimoyomoyo.

Sasa wanakwenda wapi? Leo ni Februari, tusizungushane. Tumbaku iko kwenye kuchumwa.

Wote hapa mnaijua kazi ile kuliko mimi. Majani yanachumwa alfajiri, yanafungwa kwenye fito, yanapandishwa bani, lile banda la kukaushia, moto unalindwa usiku na mchana joto lisishuke. Inataka mikono mingi, na vidole vya mtoto hufunga majani haraka kuliko vyetu. Muhula wa kwanza ndio msimu huo. Mtoto wa darasa la kwanza anakosa wiki zilezile mwalimu anapofundisha irabu na kuunganisha silabi, akija Aprili wenzake wanasoma maneno na yeye anatazama mdomo wa jirani. Hatafeli la kwanza, atavushwa. Atafeli upimaji wa darasa la nne, atakariri, ataona aibu kukaa na wadogo zake, ataondoka. Sisi tutaandika mtoro. Kisha Agosti na Septemba vinakuja vitalu, vya kumwagilia asubuhi na jioni, wakati la saba wako kwenye mtihani wa taifa na la nne wanajiandaa kwa upimaji wao. Kalenda ya tumbaku na kalenda ya shule zinagombania watoto walewale, na kila mwaka ninaijua inayoshinda.

Na jani bichi lenye umande si jani la mchicha. Nikotini yake inapita kwenye ngozi. Mtoto akifika shuleni saa nne anatapika, kichwa kinamzunguka, mnasema malaria. Mpelekeni akapimwe, na mumuulize pia alikuwa wapi alfajiri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na kazi ya hatari hairuhusu chini ya 18. Mtoto wa la tatu ana miaka tisa. Sikatai mtoto amsaidie mama yake Jumamosi, nami nimelelewa hivyo. Nasema kuhusu Jumatatu hadi Ijumaa.

Kwa ndugu zangu wafugaji jambo ni jingine. Kiangazi kikikaza mnahama na mifugo, na kijana wa kuchunga anahama nanyi. Hilo nalielewa, ng'ombe hawanywi barua. Lakini ukiondoka bila kuaga shule, mtoto anakuwa mtoro kwetu, na huko mnakokwenda, kama ana bahati, anaandikishwa upya darasa la kwanza akiwa na miaka kumi na moja. Barua ya uhamisho haiuzwi. Pita ofisini, sema tunakwenda Sikonge, au sema hujui bado unakwenda wapi, hata hilo litaandikwa.

Niliwasalimu kwa lugha tatu. Manila ya ikama haionyeshi mtoto anaongea nini nyumbani, na mimi naona ilipaswa kuonyesha. Hapa tuna Wanyamwezi wenye kijiji chao tangu zamani. Tuna Wasukuma. Tuna wajukuu wa wazee waliokimbia Burundi 1972 wakapokelewa Ulyankulu, ambao kwa maelfu walikuja kupewa uraia, na watoto wao hawa wamezaliwa hapa na hawajui kwingine. Kiswahili cha dukani na mnadani wote mnacho. Cha darasani ni kingine, na mwalimu wetu mpya ametokea mkoa wa mbali, hana neno hata moja la lugha zenu. Kosa si lake.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la nne katika shule nyingine ya kata hii, kipindi cha hisabati. Ubaoni swali: mwenye duka alinunua trei 2 za mayai, mayai 7 yakavunjika, yalibaki mangapi? Kijana mmoja wa mfugaji alilitazama tu, kalamu mdomoni. Nikamwinamia nikamwuliza kwa Kisukuma kama kutoa hawezi. Akanijibu kwamba kutoa anaweza, ila hajui trei ina mayai mangapi. Nikamwambia 30. Hakuandika kitu, akasema 53. Mtoto yule jioni akiwahesabu ng'ombe wa baba yake, akikosa mmoja anakwambia ni yupi, rangi yake na pembe zake. Kwenye mtihani angepata sifuri, na sisi tungeandika kwenye taarifa: wanafunzi ni dhaifu katika hisabati.

Dawa yake haihitaji mfadhili. Darasa la awali lisiwe mahali pa kuwaweka watoto mama apate kulima. Pale ndipo mtoto anapokutana na Kiswahili cha shule, na mwalimu wa awali awe na mtu wa kijiji pembeni yake, binti aliyemaliza kidato cha nne mwenye Kisukuma au Kirundi, Kamati imtafutie chochote. Wapo hapa, nawaona mmekaa.

Wasichana. Mkiitazama manila, darasa la kwanza wavulana na wasichana wanakaribiana, kule juu wasichana wanazidi, maana wavulana wamekwenda kuchunga, wengine kwa ujira. Mtu angedhani wasichana wetu wako salama. Basi niseme jambo ambalo kila aliyeko hapa analijua na hakuna aliyelisema kwenye mkutano. Kuna binti anayeongoza mitihani yote ya ndani, anapata 200 na kitu, mtihani wa utamilifu, ule wa kujipima kabla ya wa taifa, anapata hivyohivyo. Mtihani wa taifa anarudi na E. Mwalimu anashangaa. Mimi niliacha kushangaa baada ya kukaa na mabinti wa namna hiyo faragha. Mmoja alisema bila kuficha: aliambiwa nyumbani ajaze ovyo, akifaulu atamtia baba gharama. Sababu ya pili hakuisema, nikaiona zizini: ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kutajwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2010 ulikuta kwamba katika mkoa wetu, kati ya kila wanawake 100 wa miaka 20 hadi 24, 58 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18.

E ya namna ile si ya mwalimu, wala si ya mtoto. Imetengenezwa nyumbani, mtoto ametumwa kuipeleka. Na hoja ya gharama imepungua nguvu, maana ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa 2016, ya cha tano na sita 2022. Sare na umbali vimebaki, nakubali, tuzungumze juu ya hivyo. Kumwozesha mwanafunzi ni kifungo cha hadi miaka 30 tangu sheria irekebishwe 2016, nafikiri Mtendaji atawasomea akipenda. Na binti aliyepata mimba, tangu waraka wa Novemba 2021 anarudi shuleni. Msimfiche.

Chakula nitakisema kwa kifupi kwa sababu mnakijua: mtoto anayetembea kutoka kitongoji cha mwisho na kukaa hadi saa tisa bila uji hasomi kitu mchana. Debe la mahindi kwa kaya wakati wa mavuno, na Kamati itoe hesabu hadharani. Michango iliyopita haikusomwa, ndiyo maana watu wamegoma. Someni kwanza ile, ndipo muombe hii.

Sasa niwasemee walimu, kama nilivyoombwa, ila si kwa namna mliyotaka. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Shule yenye watoto 180 na walimu wanne imetimiza kiwango, kwenye taarifa inaonekana haina upungufu. Lakini madarasa ni manane, awali hadi la saba, na walimu ni wanne. Kila saa ya siku nusu ya shule haina mtu mbele. Mwalimu anaandika zoezi la tano, anakimbia la sita, anarudi, na akienda kufuata semina wilayani ndiyo basi. Na fedha ni hivyohivyo. Ruzuku inayokuja shuleni ni shilingi 6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kwa watoto 180 hiyo ni 1,080,000, yaani 90,000 kwa mwezi, itoke humo chaki, karatasi za mitihani na ukarabati. Shule ya watoto 1,800 inapata mara kumi, wakati kengele ni moja kwa wote na safari ya kwenda halmashauri ni ileile. Anayewaambia kwamba shule ndogo ni rahisi kuiendesha hajawahi kuiendesha. Hapo Kamati ina kazi ya kuandika: ombeni walimu kwa idadi ya madarasa, msiombe kwa idadi ya watoto, na nakala mlete kwa diwani.

Tena andikeni mapema. Kwa sera mpya elimu ya msingi inakuwa miaka sita, kwa hiyo 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Ni watoto walioko la tano na la sita leo. Watahiniwa wenu wataongezeka karibu mara mbili kwa mkupuo, mwalimu ni yuleyule, na asilimia itafanya vituko vyake. Mkiniita tena mwaka huo kwa simu ya "shule imeanguka", nitawauliza rejesta.

Ninachoomba leo ni hiki, na nimeongea na Mwalimu Mkuu akakubali. Pale ubaoni nje ya ofisi, kila mwaka, yaandikwe mambo matatu kwa pamoja: walioanza la kwanza miaka saba iliyopita, waliofanya mtihani, waliofaulu. Asilimia ya simu isibandikwe peke yake. Na kila mwisho wa mwezi orodha ya wasiohudhuria iende kwa mwenyekiti wa kitongoji, ikiwa na majina, arudishe jibu la kila jina. Tarakimu hazimrudishi mtoto, ila mwenyekiti anayejua njia ya nyumbani kwao anaweza.

Tusingoje mwisho wa mwezi. Mwalimu wa darasa la tatu yuko hapa na rejesta, na mabalozi wote mmehudhuria. Asome majina ya ambao hawajaonekana tangu shule zifunguliwe. Likisomwa jina la mtoto wa kwenu, simama, sema alipo. Kama yuko shambani, sema yuko shambani, leo hatukamati mtu. Mwenyekiti, nakurudishia mkutano wako. Mwalimu, anza na kitongoji cha mtoni.